Sanaa Iliyotolewa Ndani ya Kifusi: Albany Bulb, California

Kando ya mji mdogo wa Albany, upande wa mashariki wa Ghuba ya San Francisco, kuna rasi ambayo haikuumbwa na bahari wala mto. Ni kifusi kitupu. Mwaka 1963 mji huo uliingia mkataba na kampuni ya reli ya Santa Fe, na kwa takriban miaka 20 iliyofuata malori yakawa yanamwaga majini mabaki ya majengo na barabara zilizobomolewa: mapande ya zege yenye nondo ndani yake, matofali, lami na mabomba. Utupaji ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi yangu ni usanifu wa mandhari, hasa urejeshaji wa ardhi iliyochimbwa au iliyojazwa, na hakuna eneo linalonifikirisha kama hili liitwalo Albany Bulb, kwa kuwa sanaa iliyofanywa pale na watu wa kawaida haikuletwa na kusimikwa juu ya ardhi, bali ilitolewa ndani yake.

Ghuba yenyewe ilikuwa imeanza kutoweka. Miji ya pwani iliihesabu sehemu yake ya maji mafupi kuwa viwanja vinavyosubiri kujazwa, na Berkeley, jirani wa Albany, ulikuwa na mpango wa kujipanua karibu maradufu kwa njia hiyo. Mwaka 1961 wanawake watatu, Catherine Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, walianzisha harakati za kuizuia hali hiyo, na mwaka 1965 jimbo la California likaunda tume ya kudhibiti ujazaji wa ghuba. Bustani ya jimbo inayopita kwenye ufuo huo leo ina jina la McLaughlin.

Ili kuelewa kwa nini sanaa ilichipuka hapa, ni lazima kwanza kuelewa jinsi dampo linavyofungwa. Dampo la taka za majumbani hufunikwa kwa tabaka la udongo mfinyanzi au karatasi nzito ya plastiki, hutobolewa mabomba ya kutolea gesi, kisha hupandwa nyasi. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuchimba hata shimo la nguzo, maana kulitoboa tabaka lile ni kuyaruhusu maji ya mvua yashuke kwenye taka. Msanii akialikwa mahali kama hapo, kazi yake hukaa juu tu, imetenganishwa kabisa na kilichozikwa chini. Albany Bulb ilikuwa na mabaki ya ujenzi zaidi kuliko taka za jikoni, na sehemu kubwa ya kifusi chake iliachwa wazi. Shamari ya mwituni na vichaka vya miiba vilijiotea katikati ya mapande ya zege, na kila aliyepita alikuwa na malighafi miguuni pake.

Malighafi hiyo ndiyo iliyoamua sura ya kazi. Nondo iliyochomoza kwenye bamba la zege tayari ni mfupa, kwa hiyo anayetaka kuunda mtu au mnyama huikunja na kuifunga kwa waya. Zege haliwezi kuchongwa kwa urahisi, hivyo bamba pana hugeuzwa kuwa ukuta wa kuchorwa. Magogo na mbao zinazosukumwa ufukweni na maji hutoa miti mirefu ya kusimamisha. Osha Neumann, mwanasheria aliyewatetea watu wasio na makazi walioishi pale, alitengeneza pamoja na Jason DeAntonis sanamu kubwa za mbao, vyuma chakavu na waya, na mojawapo ni ya mwanamke aliyeinua mikono akiielekea ghuba. Kikundi cha wachoraji kilichojiita Sniff kilichora kwa pamoja picha kubwa kwenye mbao zilizookotwa. Wakazi wa vibanda nao walijenga. Mmoja wao aliacha kijumba cha zege karibu na maji ambacho wageni hukiita ngome.

Mfano wa karibu ulikuwa Emeryville, kusini kidogo, ambako tangu miaka ya 1960 wanafunzi na wakazi waligongelea sanamu za magogo na takataka kwenye matope ya pwani, zikionekana na madereva wa barabara kuu. Hazikuwa na sahihi ya mtu. Upepo na chumvi vilipoiangusha moja, mbao zake zilikuwa tayari kwa mwingine, na kwa maoni yangu huo ndio utaratibu bora wa utunzaji ambao sanaa ya namna hii imewahi kuwa nao.

Kanuni za bustani za umma hazikuundwa kwa utaratibu huo. Huuliza nani mwenye mali, nani aliidhinisha, nani atawajibika mtoto akichomwa na nondo. Ni maswali halali, na la mwisho mimi mwenyewe huliweka mbele ya yote. Hata hivyo, pale Albany maswali hayo yalishikamana na jambo zito zaidi: watu waliokuwa wakiishi kwenye kifusi waliondolewa mwaka 1999, wakarudi, wakaondolewa tena mwaka 2014. Sikubaliani na wanaozipenda sanamu na kuwaona wakazi kama kero iliyozizunguka, kwa sababu baadhi ya wajenzi wa sanamu hizo walikuwa wakazi wale wale, na maarifa ya mahali pa kupata bamba zuri au mti ulionyooka yaliondoka pamoja nao.

Halmashauri inayorithi ardhi kama hii ningeishauri ianze kwa kukata nondo zilizo kwenye njia za wapitaji na kupima udongo, hasa kutafuta risasi na asbesto, kabla ya kugusa sanamu yoyote. Kisha itenge kipande cha ufuo chenye rundo la kifusi kilichokaguliwa, ambapo yeyote anaweza kujenga bila kibali na yeyote anaweza kubomoa ili ajenge upya, na bajeti ambayo ingetumika kuhifadhi sanamu moja kwa dawa na uzio ilipwe mtu wa kuondoa vipande hatari kila baada ya dhoruba za majira ya baridi.