Kiwango kimoja cha kodi: tayari tunacho, muulize mwenye duka wa Tandahimba

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kutoka Newala alinikunjulia salari slipu yake mezani, akaweka kidole kwenye jumla ya makato. "Kaka, hii kodi inaondoka na karibu theluthi ya jasho langu. Si bora wangeweka asilimia moja kwa watu wote tukajua moja?"

Nilimwomba tuisome mstari kwa mstari. Mshahara ghafi 760,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 38,000. Bima ya afya asilimia 3, 22,800. Bodi ya mikopo asilimia 15, 114,000. Kodi ya mapato: 60,400. Jumla 235,200, na kweli hiyo ni karibu theluthi, ila kodi ndani yake ni robo tu. Mkopo wa chuo unamla karibu mara mbili ya kodi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Basi nimekuwa nikimtukana asiyehusika."

Nimefanya kazi hii ya kuandalia watu hesabu hapa Mtwara mjini miaka kadhaa, na malalamiko mengi yanaanzia hapo. La pili ni lile la "nimepandishwa mshahara nimeingia daraja la juu, bora wangeniacha." Halipo jambo hilo. Kodi ya mshahara huhesabiwa kwa vipande. Kwa viwango vya tangu Julai 2021, baada ya kutoa PSSSF mwalimu wetu anabaki na 722,000. Laki mbili na sabini za kwanza hazitozwi kitu. Zinazofuata hadi 520,000 zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Zilizobaki, 202,000, zinatozwa asilimia 20, ambayo ni 40,400. Akipandishwa, asilimia kubwa inagusa kile kilichozidi tu. Juu ya milioni moja ndipo unakutana na asilimia 30.

Sasa hoja yake ya asilimia moja. Si ya kijiweni. Mwaka 1981 Robert Hall na Alvin Rabushka wa Stanford, Marekani, walipendekeza kiwango kimoja cha asilimia 19, misamaha karibu yote ifutwe, na fomu iwe fupi kiasi cha kuenea kwenye postikadi. Marekani hawakuifuata. Estonia walianza na asilimia 26 mwaka 1994, Urusi wakaweka 13 mwaka 2001, Bulgaria 10 mwaka 2008. Slovakia walioanza 2004 waliachana nayo 2013, na Urusi wakaongeza ngazi ya pili 2021.

Nikachukua kikokotoo tukaijaribu kwake. Tukiweka asilimia 15 kwa kila shilingi inayozidi 270,000, mwenye kipato cha 400,000 anayelipa leo 10,400 atalipa 19,500. Wa milioni tatu anayelipa 728,000 atalipa 409,500. Yaani dobi anamchangia bosi. Mwalimu akakunja uso.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu wapinzani wa kiwango kimoja hupenda kuishia hapo. Pandisha mstari wa msamaha hadi 500,000, kisha juu yake toza asilimia 30 kwa wote. Wa 400,000 halipi kitu. Wa 660,000 analipa 48,000, sawasawa na leo. Wa milioni tatu analipa 750,000, zaidi ya leo. Kiwango kimoja, na bado mwenye nacho anabeba zaidi. Anayeumia kidogo ni wa katikati: mwalimu wetu angelipa 66,600, nyongeza ya 6,200 kwa mwezi. Kwa hiyo ukisikia mtu anapigia debe kiwango kimoja, usimuulize asilimia ngapi. Muulize inaanzia wapi.

Mimi kwa mishahara ningeikubali hiyo ya 500,000, ingawa sitadanganya kwamba itarahisisha kazi. Hesabu ya ngazi inachukua nusu dakika.

Kwa wafanyabiashara wadogo ndiko naona shida, na cha ajabu, huko kiwango kimoja tayari kipo. Jedwali la kodi ya makadirio, yaani inayopimwa kwa mauzo ya mwaka, lililoanza Julai 2019 linasema hivi: mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4, hulipi. Kati ya 4 na 7, bila kumbukumbu unalipa laki moja. Ukiwa na daftari, asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kati ya 7 na 11, bila kumbukumbu 250,000. Ukiwa nazo, 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi 7.

Asiye na daftari akivuka milioni 7 kwa shilingi moja, kodi yake inaruka kutoka laki moja hadi laki mbili na nusu. Hiyo siyo ngazi, ni ukuta.

Na mwenye daftari? Nina mteja mwenye duka Tandahimba: sukari, unga, soda, vocha. Mauzo yake ni kama milioni 10, kodi 180,000. Faida yake baada ya pango na usafiri ni kama 600,000 kwa mwaka. Fundi cherehani mwenye mauzo hayohayo, ambaye mtaji wake ni mikono na uzi, anabaki na milioni 4, naye analipa 180,000. Mmoja ametozwa asilimia 30 ya faida, mwingine 4.5. Mwenye duka anapata 50,000 kwa mwezi. Mwajiriwa wa 270,000 halipi hata senti. Asilimia 3 ni ileile kwa wote wawili, ila imewekwa juu ya mauzo badala ya faida.

Halafu kuna msimu. Awamu za kulipa ni nne: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Pesa ya Tandahimba inaingia minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba. Ya Desemba analipa huku anatania. Ya Septemba anakuja kwangu na simu mkononi, anatafuta wa kumkopesha.

Juzi alikuja na kaunta buku mpya, kurasa mbili zimejaa mwandiko wake. Upande wa kulia ameandika majina, na mbele ya kila jina "mpaka mnada wa kwanza." Nikamuuliza kama hiyo nayo ameijumlisha kwenye mauzo.

"Hiyo si mauzo, kaka," akasema. "Hiyo ni majirani."

Tukaanza kujumlisha upya kutoka ukurasa wa kwanza.