Watoto na bahari ya sikukuu: yanayosemwa na ukweli wake

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka na joto la kaskazi likishika, watoto hujaa Coco Beach jijini Dar es Salaam, ufukwe wa umma wa Bamburi kule Mombasa na ukuta wa Forodhani, Unguja, wanakojirusha baharini huku wageni wakipiga picha. Kila mwaka baadhi yao hawarudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wazazi waliokaa mkekani siku kama hizo mara nyingi si wazembe. Wanawaangalia watoto wao, ila wanasubiri dalili ambazo hazitakuja.

“Akizidiwa atapiga kelele, nitamsikia.”

Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo huzama na kuibuka, na muda unaokuwa juu ya maji hautoshi hata kuvuta hewa vizuri, sembuse kuita “mama!”. Mikono nayo haipungi. Huenda pembeni na kukandamiza maji bila mwenyewe kukusudia, mwili ukijaribu kuinua kichwa. Frank Pia, aliyekuwa mwokoaji katika ufukwe wa Orchard Beach, New York, aliwarekodi watu wakizama na kuokolewa, akaona kwamba mtu hubaki juu ya maji kwa sekunde 20 hadi 60 hivi kabla ya kwenda chini. Mtoto mdogo yuko karibu na hizo 20. Ni muda wa kusoma ujumbe mmoja wa WhatsApp na kuanza kuujibu.

Kwa hiyo cha kuogopa ni ukimya. Mtoto aliyekuwa akicheka na kurusha maji, sasa kasimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi, macho kama hayaoni: mwite jina. Asipoitika, usingoje kumwita mara ya pili.

Na hili la “tupo wengi, ataonekana tu” ndilo linaloniudhi kuliko yote. Watu wazima kumi wakiwa na pilau na soga, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mteueni mmoja kwa jina, simu yake aiweke mkobani, na baada ya nusu saa apokewe na mwingine. Aliye chini ya miaka mitano awe mahali mkono wako unapomfikia, hata kama maji yanamfika magotini tu.

“Bahari imekupwa, waache wakacheze.”

Wavuvi na akina mama wa mwani hawawezi kukosea hapa, lakini sisi tunaokuja ufukweni mara mbili tatu kwa mwaka hukosea sana. Pwani yetu ina maji makubwa: wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Idd el-Fitr nayo huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo sikukuu hiyo inayoleta watoto wengi baharini haikosi kuangukia kwenye bamvua au pembeni yake.

Tena saa zake zinahadaa. Siku za bamvua, kuanzia Dar hadi Mombasa, maji hukupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Familia inafika, inakuta mchanga umeenea hadi karibu na mwamba, watoto wanakimbilia mbali kuokota kaa na makombe. Maji yanarudi mchana kutwa na kujaa saa 10 au 11 jioni. Nayo hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa la kwanza yanatambaa tu, kisha katika saa la tatu na la nne hupanda karibu nusu ya kimo chote. Ni mita moja na nusu kwa saa mbili, na mtoto wa miaka minane hafiki kimo hicho. Ubaya zaidi, mabonde yaliyo kati ya fungu la mchanga na ufukwe hujaa kwanza. Mtoto aliye juu ya fungu anaona miguu yake ingali mikavu, kumbe njia ya kurudi imeshafunikwa.

Muulizeni mvuvi au muuza madafu maji yanajaa saa ngapi. Kisha watoto wote wawe wamerudi ufukweni mara tu maji yanapoanza kugeuka.

“Mtoto wa pwani haogopi maji.”

Haogopi kweli, na hapo ndipo shida ilipo. Kuogelea katika kidimbwi cha maji kupwa si sawa na kupambana na mkondo. Mahali panaposemwa “pana jini, kila mwaka panachukua mtu” mara nyingi ni mlango wa mwamba, yaani pengo kwenye mwamba ambapo maji yote yaliyoko ndani hupita kwa nguvu kwenda nje wakati wa kupwa. Sina ugomvi na anayesoma dua kabla ya kuingia, ila mfundishe mtoto na hili: mkondo unavuta kwenda nje, hauvuti kwenda chini. Asishindane nao. Aelee chali, ainue mkono, na akiweza aogelee sambamba na ufukwe hadi utakapomwachia.

“Ana tyubu, yuko salama.”

Tyubu ya gari na boya la plastiki la kupuliza ni vya kuchezea. Upepo unavisukuma nje, na mtoto akipinduka hubaki kichwa chini. Jaketi la kuokoa maisha linalomkaa vizuri ni kitu kingine kabisa.

“Mshike miguu, mpindue, maji yatoke.”

Ndicho wanachofanya watu wengi, pamoja na kumkandamiza tumbo. Yanayotoka hapo ni ya tumboni, na yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Anachokosa mtoto huyo ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, mpulizie pumzi 2 hadi 5 kwanza. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya kama mara mbili kila sekunde, pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kusita huku mwingine akitafuta gari. Akizinduka bado apelekwe hospitali, kwa sababu kifua kinaweza kubana saa kadhaa baadaye.

“Anayejua kuogelea ajitose amtoe.”

Anayezama hung’ang’ania chochote kilicho karibu, hata shingo ya mwokoaji, na ndiyo maana hufa wawili. Tupa kitu kwanza: kamba, ubao, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, ambalo linatosha kumshikilia hata mtu mzima. Acha maji kidogo ndani yake, la sivyo litapeperushwa kabla ya kumfikia.