Mzazi anavuta, kijana naye je? Maswali kuhusu sigara nyumbani

Mimi navuta. Ni kweli mwanangu yuko hatarini zaidi kuanza kuvuta kuliko mtoto wa jirani ambaye wazazi wake hawavuti?

Ndiyo. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha hivyo, na hatari huzidi pale baba na mama wote wanapovuta. Pakiti na kiberiti viko mezani, harufu ameizoea, na kila ukipata mawazo anaona unachokimbilia.

Kumtuma dukani kuna ubaya gani? Havuti, analeta tu.

Kwangu hili ndilo kosa kubwa, na wengi hatulioni. Mtoto anayetumwa "kaniletee sigara mbili kwa Mangi" anajua bei, anajua aina, na muuzaji ameshamzoea. Siku akitaka yake, nani atamuuliza? Tanzania, tangu sheria ya mwaka 2003, ni marufuku kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Kenya nayo ilikataza mwaka 2007, pamoja na uuzaji wa sigara moja moja. Uganda imepandisha umri hadi 21. Sheria zote hizo, mzazi anazipindua kwa sarafu chache.

Navutia nje. Inatosha?

Inapunguza moshi ndani, ila anakuona. Na wageni je? Kama mjomba anaruhusiwa kuvutia sebuleni, marufuku yako haina nguvu.

Nitamkatazaje wakati mwenyewe navuta?

Mweleze ukweli: ulianza ukiwa na umri gani, umejaribu kuacha mara ngapi, na kwa mwezi hela kiasi gani inaishia huko. Mwambie pia kwamba ubongo huendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu, ndiyo maana nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, humnasa kijana upesi kuliko mtu mzima. Ukiacha wewe, unamsaidia zaidi, hasa akiwa bado mdogo.

Nimekuta sigara kwenye begi lake la shule. Nimchape?

Hapana. Kipigo kitamfundisha kuficha vizuri zaidi. Subiri hasira ipoe, muulize anavuta na nani, na huwa anaitamani saa ngapi. Anayeitaka mara tu anapoamka ameshashikwa na nikotini, mpeleke kituo cha afya akapate ushauri. Ulizia pia shisha, sigara za kielektroniki na vile vifuko vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo. Hivyo vifuko havitoi moshi, kwa hiyo usitegemee kunusa nguo zake.