Maafikiano ni nini, na nchi moja ikipinga hutokea nini?

Maafikiano ni njia ya kufikia uamuzi bila kupiga kura. Hoja hujadiliwa na kurekebishwa mpaka isibaki nchi inayoizuia. Wengi hudhani maana yake ni wote kusema ndiyo, lakini sivyo. Nchi inaweza kutoridhika na hoja, ikaeleza wasiwasi wake, kisha ikaiacha ipite.

Mfano ulio karibu nasi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wake, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unasema katika ibara ya 12 kwamba wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano. Ibara ya 15 inataka hivyohivyo kwa Baraza la Mawaziri, na hapo pingamizi limewekewa utaratibu. Anayeruhusiwa kuliandikisha ni kiongozi wa ujumbe wa nchi, si kila mjumbe. Likishaandikishwa, Baraza haliendelei na hoja ile. Lisipoondolewa, suala hupelekwa kwa wakuu wa nchi. Kwa hiyo Burundi ina uwezo uleule wa kusimamisha hoja ilio nao Kenya, ingawa uchumi wao haulingani hata kidogo. Hii ni haki kubwa, na inafaa kulindwa.

Pingamizi linalotamkwa mezani halijawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo ni nchi kutokuja mezani kabisa. Tarehe 30 Novemba 2018 mkutano wa wakuu wa nchi uliahirishwa kwa kukosa akidi kwa sababu Burundi haikuhudhuria, ukafanyika Februari 2019. Jumuiya ya kwanza, ile ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliumia zaidi. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na chombo cha juu cha marais watatu hakikukutana tena. Hapakuwa na njia nyingine ya kumaliza mabishano ya fedha, reli na ndege, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Nyerere alikuwa na sababu nzito. Kasoro ilikuwa mfumo uliotegemea watu watatu tu kukutana.

Mkataba wa sasa umeweka njia ya kupumulia. Ibara ya 7 inaruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti: zilizo tayari hutangulia, nyingine hufuata zikiweza. Baraza la Mawaziri liliiuliza Mahakama ya Afrika Mashariki kama hilo halipingani na maafikiano. Mwaka 2009 Mahakama ikajibu kuwa havigongani: maafikiano ni namna ya kuamua, kasi tofauti ni namna ya kutekeleza. Ndivyo Kenya, Uganda na Rwanda zilivyoanzisha viza moja ya utalii mwaka 2014, Tanzania na Burundi zikabaki nje.

Kipimo kigumu zaidi kilikuwa mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania ikakataa, na Novemba mwaka huo Bunge lake likaunga mkono msimamo huo kwa hofu ya viwanda vya ndani na mapato ya forodha. Kila upande ulikuwa na hoja ya kweli. Tanzania, ikiwa nchi yenye maendeleo duni, ilikuwa tayari inauza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba. Kenya haimo katika kundi hilo, hivyo bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru. Ukilijua hilo, unaona kwamba hapakuwa na ukaidi wala usaliti.

Februari 2021 wakuu wa nchi waliruhusu anayetaka atangulie. Kenya ikatia saini mkataba wake yenyewe na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024.

Lakini katika umoja wa forodha kama wa Jumuiya, kutangulia kuna gharama. Ushuru wa bidhaa kutoka nje unatakiwa kuwa mmoja. Kenya ikiupunguzia Ulaya peke yake, mashine iliyoshushwa Mombasa kwa ushuru mdogo haiwezi kuvuka mpaka wa Namanga kuingia Tanzania kama bidhaa ya Jumuiya. Afisa wa mpakani lazima akague cheti cha asili ya bidhaa na kudai tofauti ya ushuru, kazi ileile ambayo umoja wa forodha ulikusudia kuipunguza.