Mshahara wa sista unaingia mfuko wa nani?

Tumsifu Yesu Kristo. Swali hilo nimelisikia ofisi ya walimu tangu wiki yangu ya kwanza kazini, na juzi nimeulizwa tena na mama muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba: "Sista, kwani nyie serikali inawalipa?"

Ilinilipa. Nimefundisha Kiswahili shule za serikali, kwanza Ukerewe, kisha Sengerema, hadi nilipostaafu nikiwa na miaka 60. Nilikuwa na cheki namba, nilikatwa ada ya chama, na nilichelewa kupanda daraja kama walimu wenzangu. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoziweka shule za misheni chini ya serikali, masista hawakuondoka wote madarasani, nami niliwakuta baadhi yao.

Ila fedha ikishafika benki, sheria nyingine inaanza kazi. Kanuni ya 668 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema anachokipata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika, na pensheni imetajwa humohumo. Kwetu, mwisho wa mwezi nilikuwa namkabidhi ekonoma, yaani sista mtunza fedha, mshahara pamoja na salari slipu. Zinachanganywa na za sista muuguzi na za mayai ya bandani, kisha zinatoka sabuni, nauli, ada za wanaosoma na dawa za masista wazee.

Wengi hudhani basi sista hana hata kijiko cha kwao. Si hivyo. Katika mashirika kama letu shamba la urithi laweza kubaki kwa jina lako. Kabla ya nadhiri za kwanza unamkabidhi mtu mwingine usimamizi wake, na kabla ya nadhiri za daima unaandika wosia unaokubalika hata serikalini. Mshahara ndio usiorudi. Ukitoka shirikani huwezi kudai miaka uliyofanya kazi. Kanuni ya 702 inaliagiza shirika likutendee kwa haki na mapendo, lakini hakuna hesabu ya kudaiana.

Kwangu nadhiri ya ufukara haikuuma kwenye chakula wala mavazi. Iliuma kwenye michango. Ofisi ya walimu bila michango haipo: leo msiba, kesho kadi ya harusi, keshokutwa mwenzetu kajifungua. Mimi ninayelipwa sawa nao nasema, "Ngoja nikaombe nyumbani." Mwalimu mmoja alinitolea uvivu: masista mnajua kula harusi za watu tu! Nilimkasirikia wiki nzima, nami najua alikuwa na haki nusu. Mwisho nikamweleza mkuu wa jumuiya, akaniruhusu kiasi kidogo cha kila mwezi kwa ajili ya kufa na kuzikana. Harusi hapana. Za harusi nilizilipa kwa mwandiko wangu: kadi za shule nzima ziliandikwa na mimi, usiku, baada ya masifu ya jioni. Msibani nilifika mapema kuchambua mchele, na rozari niliongoza mimi.

Jambo la pili ni uhamisho. Una wakubwa wawili wasiosoma kalenda moja. Mwaka mmoja shirika lilinipangia jumuiya ya Mwanza mjini, halmashauri ikasema hakuna mwalimu wa kuchukua vipindi vyangu. Nikabaki na konventi, nyumba yetu ya masista, upande huu wa ziwa na darasa upande ule, Sengerema. Kila Jumapili jioni nilipanga foleni ya kivuko Kigongo na madaftari yangu kwenye mfuko wa sandarusi, nikalala wiki nzima kwa masista wengine. Siku hizi kuna daraja, wanavuka kwa dakika chache. Sina wivu, ila kidogo.

Darasani vita yangu ilikuwa L na R. Kisukuma hakina R, kwa hiyo mtoto akishaambiwa anakosea anaipachika kila mahali: "nimerara", "chakura". Nilisahihisha kwa wino mwekundu mpaka kalamu zikaisha.

Mafao yangu yalipotoka niliyapeleka kwa ekonoma. Ni msichana niliyemfundisha kidato cha pili. Alihesabu, akaniandikia stakabadhi: "Zimepokelewa zote." Nilikagua herufi kwanza, ndipo nikasoma tarakimu.