Kinga ya ubavu: si ukingo, si bampa

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alinipigia simu nikiwa Kyela mjini. “Fundi, ukingo wa boti yangu umekwisha. Njoo unibadilishie.” Nikanunua alichokitaja: mbao nene ya mninga, bolti, na misumari mirefu. Nikalipia nafasi juu ya gari la Ipinda, nikafika ufukweni, nikamwamkia, akanipeleka kwenye boti. Ukingo ulikuwa mzima. Kilichokwisha ni ule ubao mwembamba uliopigiliwa kwa nje, kiganja kimoja chini ya ukingo, umeliwa hadi vichwa vya skrubu vimechomoza. Wiki mbili baadaye mwingine akanipigia akitaka “bampa”. Nikabeba mpira. Safari hiyo kilichooza kilikuwa ukingo wenyewe, na mpira nikarudi nao.

Nimelipa nauli mbili kwa ajili ya neno moja, na si mara ya kwanza. Naomba tuelewane.

Kinga ya ubavu ni ubao, mpira au plastiki ngumu inayozungushwa nje ya chombo kutoka mbele hadi nyuma, pale ubavu unapotokeza zaidi, ili chombo kikisuguana na gati, na meli au na chombo kingine, iliwe yenyewe badala ya ubavu. Maana ni hiyo tu. Shida iko kwenye majina tunayokipachika kitu hiki, kwa sababu kila jina linakuja na namna yake ya kukifunga.

Nianze na ukingo, maana ndilo linaloniumiza zaidi. Ukingo ni mahali kitu kinapoishia: ukingo wa mto, ukingo wa meza, ukingo wa shuka. Kwenye boti ni ile mbao ya juu kabisa inayofunga vichwa vya mbavu, yaani mifupa ya ndani ya boti, unayoishika ukipanda na anayoikalia mvuvi akivuta wavu. Mbao hiyo imebeba umbo zima la boti. Ukiing'oa, mbavu zinalegea na boti inafunguka kama tenga lililokatwa mdomo.

Anayejua sarufi atanibana hapa, na ana hoja. Ukingo na kinga yana mzizi mmoja. Tena kwa umbo, ukingo unafanana na ufagio uliotoka kwenye fagia na ufunguo uliotoka kwenye fungua: u- mbele, -o nyuma, na maana ni kifaa cha kufanyia kazi hiyo. Kwa hesabu hiyo ukingo ungekuwa kifaa cha kukingia. Nakubali. Ukitazama ukingo wa kisima, ule ukuta mfupi unaomzuia mtoto asitumbukie, unaiona njia neno lilikopita. Lakini matumizi yamelihamisha. Leo ukimwambia mtoto wa Kyela asisogelee ukingo wa mto Kiwira, hafikirii kitu kinachomlinda. Anafikiria pale ardhi inapokwisha na maji yanapoanza. Neno limeacha kazi likabaki na mahali. Na kwenye boti mahali hapo tayari pana mbao yake, kwa hiyo jina limeshapata mwenyewe.

Kinga, kwa upande wake, bado inafanya kazi. Tazama kitenzi. Mvua ikianza Kyela, wilaya inayopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mama anatoa ndoo anakinga maji chini ya bati. Mtu akirushiwa jiwe anakinga kwa mkono. Ndoo inataka maji, mkono hautaki jiwe, ila vyote viwili vimefanya kitendo kimoja: vimesimama njiani mwa kitu kinachokuja, vikakipokea. Aliyekinga ndiye anayelowa, na mkono uliokinga ndio unaovimba. Hilo ndilo ninalolipenda katika neno hili. Linakiri kwamba kuna kitu kitaumia, na linasema kipi. Ubao wa nje ya boti umewekwa uumie. Ukiukuta umekwaruzika na kumeguka, jua umefanya kazi yake, na siku yake ya kubadilishwa imefika bila ubavu kuguswa.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza kama hii ndiyo ile kinga ya “kinga na kinga ndipo moto uwakapo”. Ile ni kijinga, ukuni ulioshika moto, ichukueni kama neno jingine. Na jina la Wakinga, ndugu zetu wa Makete ng'ambo ya milima hii ya Livingstone, ni jina la watu, lina historia yake. Nasema kwa sababu huku kwetu ukitamka kinga, anayesikiliza huanza kutazama mlimani.

Sasa bampa. Tumelitoa kwenye magari, na magari yalilileta kutoka Kiingereza, kwenye kitenzi chao cha kugonga. Bampa linangoja ajali. Linaweza kukaa miaka kumi halijaguswa, siku likigonga ndiyo siku yake. Kinga ya ubavu haingoji kitu. Vijiji vingi vya Ziwa Nyasa havina gati. Meli inasimama mbali na ufuko, boti ndogo zinaizunguka kupokea abiria na magunia, na kwa muda wote huo ubavu wa mbao unapanda na kushuka kwenye ubavu wa chuma kwa mwendo wa mawimbi. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kusini, ambao wenzetu wa Malawi wanauita mwera, unapolipiga ziwa kwa urefu wake wote na kuyaleta mawimbi hadi huku kichwani mwake, kaskazini, kusuguana huko kunakuwa kusaga. Waingereza wenyewe, waliotupa bampa, kitu hiki cha boti wamekiita kwa kitenzi chao cha kusugua.

Na tofauti ya kugonga na kusugua haiishii mdomoni. Kitu cha kugongwa kinatakiwa kiwe kinene na laini ili kimeze pigo. Kitu cha kusuguliwa kinatakiwa kiwe kigumu na cha kuteleza. Mtu akishaita bampa, mkono wake unaenda wenyewe kwenye mpira wa tairi. Anaukata vipande, anaupigilia. Siku boti inapopanda kwenye ubavu wa meli, mpira unang'ang'ania chuma badala ya kuteleza, na boti inaposhuka unabaki juu pamoja na skrubu na kipande cha mbao ya ubavu. Nimeziona boti tatu zilizochanwa hivyo, na wenye boti walidhani wameziimarisha. Ubao mgumu uliolainishwa kwa randa, wenye ukanda mwembamba wa chuma juu yake kama uwezo upo, ungepita tu.

Fenda sina ugomvi nalo. Asili yake ni neno la Kiingereza la kulinda lililokatwa kichwa, na nyuma ya Waingereza kuna Wafaransa, na nyuma ya Wafaransa kuna Kilatini, likimaanisha kusukuma kitu kiende mbali. Ni kinga yetu kabisa kwa lugha nyingine. Ila fenda ya boti ni ile tairi kuukuu inayoning'inizwa kwa kamba ukikaribia, na kupandishwa ukiondoka. Kama inaning'inia, iite fenda. Kama imefungwa kwa skrubu, inataka jina jingine.

Nashikilia hivi kwa sababu anayedhani kinga ni ukingo huifunga kama ukingo, yaani milele. Boti ya yule mzee ilikuwa hivyo. Fundi aliyetangulia alipaka gundi kali nyuma ya ubao wote, kisha akapigilia misumari iliyotokeza ndani na kuikunja. Kuutoa ilinichukua siku mbili. Ilibidi niinyooshe misumari mmoja mmoja kutoka ndani, kisha niingize kabari nyembamba za mti kuanzia nyuma kwenda mbele, kiganja baada ya kiganja, na bado sehemu mbili gundi iliondoka na nyuzi za ubavu. Nyuma ya ubao kulikuwa na mchanga uliogandamana, mstari mweusi wa urefu wote, na upande wa kulia, karibu na mashine, kisu kiliingia kama kwenye parachichi la Rungwe lililoiva. Mzee alidhani ni maji ya ziwa. Yalikuwa ya mvua. Yanashuka kutoka ukingoni, yanaingia kwenye mwanya wa juu ya kinga, yanakaa humo, na maji yasiyo na chumvi yanaozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi.

Kwa hiyo kinga hufungwa kwa nia ya kuing'oa. Sehemu mbovu niliikata na kuiziba kwa mbao nzima. Matundu ya zamani niliyaziba kwa vijiti vilivyochovywa epoksi, gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu, maana skrubu nene kwenye tundu lililooza inashika uozo tu. Mbao ya kinga nilichonga mninga. Paini ya Sao Hill ndiyo iliyojaa sokoni kwetu na ni rahisi, lakini hapa italiwa msimu mmoja, na ikinywa maji itaoza kabla haijaliwa. Mninga haupindi kirahisi, basi badala ya ubao mmoja mnene nilitumia nyembamba mbili, moja juu ya nyingine, nikazipinda nikizimwagia maji ya moto juu ya magunia. Viungo ni vya mshazari: kwa kila sentimita 1 ya unene, sentimita 8 za mlalo, na ncha ya nje inaelekea nyuma ya boti ili isidake kamba wala nyavu.

Mgongo wa ubao upakwe rangi kabla haujafungwa, kwa kuwa baada ya hapo brashi haitafika tena. Kati ya ubao na ubavu weka dawa ya kuzibia inayobaki laini, ile utakayoweza kuikata kwa kisu baada ya miaka mitano. Silikoni ya madirisha iache, rangi haishiki juu yake. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kila sentimita 15 hadi 20, vichwa vizame ndani ya ubao na kufunikwa kwa vizibo vya mti. Na ukingo wa juu wa kinga (hapa neno linafaa, maana ndipo inapoishia) uchongwe kwa mteremko, mvua iteleze na kudondoka.

Boti za faiba zina la kwao. Nyingi ni maganda mawili, la chini na la juu, na kinga ndiyo inayofunika pale yalipokutana. Skrubu ikilegea, maji yanapita kwenye tundu lake hadi ndani, na mwenye boti anatafuta ufa chini wakati maji yanaingia kiunoni. Kinga zake ni za plastiki. Ukiinunua Mbeya mjini mwezi wa saba inakuja imejikunja na kukakamaa kwa baridi, huwezi kuizungusha hata kwa watu wanne. Iteremshe Matema, ilaze kwenye mchanga wenye jua mpaka itii. Usiivute kama manati wakati wa kuifunga. Ikipoa itajirudi na kuacha pengo. Ikate ndefu, mwisho wake uukate kesho yake.

Mkinipigia, basi, niambieni kwanza kilichoharibika kiko wapi: juu mnapokalia, au nje panaposuguliwa. Kikiwa juu, semeni ukingo, nitakuja na mbao nene. Kikiwa nje, semeni kinga ya ubavu.

Nilipomaliza, yule mzee alipitisha kiganja kwenye mninga kutoka mbele hadi kwenye mashine, akarudi nacho tena. “Ndaga fijo, asante sana, fundi. Sasa ukingo wangu umekuwa mpya.”

“Ukingo wako ni ule ule wa zamani, mzee, na bado una nguvu. Kilicho kipya ni kinga.”

Akaweka mkono mmoja juu, mmoja chini, akavitazama vyote viwili. “Huu ukingo. Hii kinga ya ukingo.”

“Ya ubavu, mzee.”