Magongo bila kukimbia: maswali na majibu

Hoki ya kutembea ni nini hasa?
Ni mpira wa magongo uleule, ila kukimbia ni marufuku. Mguu mmoja lazima uwe chini muda wote. Ukikimbia, filimbi inalia na mpira wanapewa wapinzani. Kiwanja huwa kidogo, mpira hupigwa chini chini, na hakuna kusukumana. Kanuni nyingine kila kikundi kina zake.

Magoti yananiuma. Nitaweza?
Wengi huweza. Mtu akikimbia, kila hatua hutua kwa nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Akitembea, nguvu hiyo huuzidi uzito wake kidogo tu. Mimi huhofia zaidi kiuno. Mpira uko chini, na mgeni wa mchezo huinama kama anayetafuta sindano sakafuni. Nusu saa haiishi, kiuno kimekaza. Kunja magoti, shusha nyonga, mkono wa chini ushuke kwenye gongo. Mchezo ukisimama, nyooka.

Kutembea tu ndiyo mazoezi?
Jipime kwa mdomo: ukiweza kuongea lakini kuimba kukakushinda, hicho ni kiwango cha wastani. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za kiwango hicho kwa wiki. Tena hapa unageuka, unasimama ghafla, unarudi kinyumenyume huku macho yako kwenye mpira. Mwili unajifunza kutoyumba, jambo ambalo wazee wanalihitaji kuliko misuli ya kujionyesha.

Vifaa je?
Gongo, viatu visivyoteleza na vikinga ugoko. Usividharau: mpira rasmi una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu.

Nani aanzie kwa daktari?
Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, presha isiyotulia, au aliyefanyiwa upasuaji wa kiungo karibuni. Kifua kikibana katikati ya mchezo, acha papo hapo na uombe msaada wa haraka.

Sijawahi kushika gongo. Sitawachelewesha wenzangu?
Upande bapa tu ndio unaogusa mpira. Ukishajua hilo, umeanza. Kasi ikiondolewa, kijana wa miaka 20 na bibi wa miaka 70 wanashindania kuona pasi mapema, na bibi si mnyonge hapo. Wanaosumbuka ni wachezaji wa zamani: mpira ukiwapita, miguu inakimbia kabla kichwa hakijakataza, na kiwanja kizima kinacheka.